Nani kaiita qi "nishati"? Mai ni mshipa, na Kiswahili kina neno lake

#1 mtande_na_mshindio

Wakuu, heshima kwenu.

Kila tiba ya sindano ya Kichina inapoelezwa kwa Kiswahili, sentensi ni ileile: mwilini kuna nishati iitwayo qi, inapita kwenye njia ziitwazo meridiani, njia ikiziba ugonjwa unaingia. Nadai kwamba maneno mawili kati ya hayo, nishati na meridiani, hayakutoka China hata kidogo. Yalitoka Ufaransa. Aliyeyaeneza ni George Soulié de Morant (1878–1955), Mfaransa aliyefanya kazi za ubalozi China kabla ya kurudi kwao kufundisha sindano. Meridiani ni mstari wa ramani, wa kuchorwa tu. Sisi tumepokea tafsiri ya tafsiri.

Wachina wenyewe wanasema jing na luo. Jing ni neno la mfumaji: ni mtande, zile nyuzi ndefu zinazotangulia kutandwa kabla mshindio haujapita. Luo ni wavu, vijinjia vinavyounganisha. Na neno la zamani zaidi la kitu chenyewe ni mai. Mai unaweza kuushika kwa kidole ukausikia unapiga, unaweza kuutoboa ukatoa damu, na ndani yake damu na qi vinakwenda pamoja.

Qi nayo, herufi yake ya zamani ina mchele chini na mvuke juu. Inatokana na chakula na pumzi, na ina aina zake: ying inayolisha na kupita ndani ya mishipa, wei inayolinda na kutembea nje ya mishipa chini ya ngozi, zong inayokusanyika kifuani, yuan ya asili tunayozaliwa nayo. Hakuna hata moja ambayo mtu wa kale aliifikiria kama umeme au joto la kupimwa kwa juli.

Sasa Kiswahili. Sisi tuna mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, mshipa wa ngiri, na mtu akibisha sana tunasema kasimamisha mishipa ya shingo. Neno moja linabeba vena, ateri, neva na hata maumivu yanayovuta kinenani. Mai ni hivyohivyo. Kwa nini tuseme meridiani wakati mshipa upo?

Swali langu kwenu: tukishakubali ni mshipa, sindano inagusa kitu gani hasa?

#2 Neva_C7

Tafsiri nakubaliana nawe, lakini neno mshipa litawarudisha watu kutafuta bomba, na bomba limeshatafutwa mpaka basi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kim Bong-han wa Korea Kaskazini alitangaza kwamba ameuona mfumo wa vijibomba vinavyolingana na jing. Miaka michache baadaye kazi yake ikakatika ghafla na yeye hakusikika tena. Miaka ya 2000 Soh Kwang-Sup na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul wakaifufua, wakaiita mfumo wa primo. Wanaonyesha vijiuzi vyembamba juu ya viungo vya wanyama wa maabara, lakini mistari 12 ya sindano haijaonekana kufuatwa na vijiuzi hivyo.

Ufaransa nako, miaka ya 1980, walidunga teknesiamu 99m, kemikali yenye mnururisho, kwenye pointi (mahali pa kuchomea sindano) wakapiga picha, wakasema hii hapa meridiani inang'aa. Wengine waliporudia wakakuta dawa inaondoka kwa njia ya vena na limfu, kama inavyoondoka popote unapodunga.

Jibu la swali lako ni neva. Han Jisheng wa Beijing ameonyesha kwa miaka mingi kwamba ukitia umeme kwenye sindano kwa hezi 2, ubongo na uti wa mgongo hutoa enkefalini na endofini, vituliza maumivu vya mwili wenyewe. Kwa hezi 100 hutoa dainofini, ya jamii hiyohiyo. Ukimpa mgonjwa naloksoni, ile dawa inayozuia afyuni, sehemu ya nafuu inapotea. Hapo pana neva na kemikali, na hakuna kingine kinachohitajika.

#3 Ugoko36

Kabla hamjafika Seoul, tukubaliane sindano inaingia wapi na kwa kina gani, maana nusu ya ubishi huu unatokana na watu wanaochoma mahali tofauti wakidhani wamechoma pointi moja.

Chukueni Zusanli, ST36 (herufi ni mshipa, hapa wa tumbo, na namba ni pointi yake). Kipimo ni cun, na cun ni ya mgonjwa, haitoki kwenye kidole cha daktari. Hilo ndilo kosa la kwanza: daktari wa mikono mikubwa anampimia mtoto kwa vidole vyake. Tafuta shimo la nje chini ya kilegesambwa, goti likiwa limekunjwa kidogo. Hiyo ni ST35. Kutoka hapo hadi katikati ya kifundo cha mguu mbele, ST41, ni cun 16. Pima kwa utepe. Ikiwa ni sentimita 40, cun moja kwa mtu huyo ni sentimita 2.5, basi ST36 iko sentimita 7.5 chini ya ST35. Kisha toka upana wa kidole kimoja nje ya ukingo wa mfupa wa ugoko. Ukitaka haraka, vidole vinne vya mgonjwa vikibanwa pamoja ni cun 3, ila utepe haudanganyi.

Sindano ya milimita 0.25 kwa 40, iingie wima, cun moja hadi moja na nusu kwa mtu mzima, ndani ya msuli wa mbele ya ugoko. Kosa la pili liko hapa: mgonjwa akiruka na kusema umeme umepiga hadi mgongo wa unyayo, umegusa neva ya kina ya mguu. Rudisha milimita mbili tatu, badili mwelekeo kidogo, usiendelee kusukuma. Ule siyo de qi, yaani hisia ya qi kuifikia sindano.

De qi yenyewe ina maneno manne: suan, yale maumivu mazito kama ya msuli uliobeba mzigo, ma, ganzi, zhang, kujaa, zhong, uzito. Na mkononi mwa mchomaji kuna dalili yake. Sindano inashikwa. Wazee walifananisha na samaki anayegusa chambo. Kabla ya hapo unasikia utupu, kama unachoma kwenye siagi.

#4 Kolajeni_Plus

@Ugoko36 hapo kwenye kushikwa ndipo penye jibu, na siyo la @Neva_C7.

Helene Langevin, alipokuwa Chuo Kikuu cha Vermont, alipima nguvu inayohitajika kuchomoa sindano. Ikizungushwa, nguvu hiyo inaongezeka. Sababu yake: nyuzi za kolajeni katika tishu unganishi hujizungusha kwenye chuma kama uzi kwenye pia, na ukiendelea kuzungusha, tishu inavutwa hadi mbali na sindano. Seli za pale zinajitandaza na kubadili umbo. Mwaka 2002 yeye na Yandow wakakagua vipande vya mkono wa maiti, wakakuta asilimia 80 ya pointi za mkono zimekaa pale misuli inapoachana, kwenye tabaka za fashia, ile tishu unganishi inayofunika misuli. Na tabaka hizo hazikatiki, zinapanda kutoka mkono hadi kifua. Ukitaka mtande wa mwili, ndio huo.

Angalizo kwa wanaojifunza: ukizungusha upande mmoja tu bila kurudi, tishu inaikaba sindano na haitoki. Usivute. Subiri dakika chache, papasa ngozi pembeni kwa kidole, zungusha taratibu kwa upande wa pili, au choma nyingine jirani ili msuli ulegee.

#5 Neva_C7

Kolajeni, fashia imejaa neva. Ukivuta fashia umevuta neva. Umenisaidia kueleza, hujanipinga.

Na mkononi, pointi kukaa kati ya misuli si ajabu. Mtu anayetafuta mahali pa kubonyeza kwa kidole hubonyeza penye bonde.

#6 Hariri168

Mnajadili mishipa 12 kana kwamba ilikuwa 12 tangu mwanzo. Haikuwa hivyo.

Mawangdui, karibu na Changsha, kaburi namba 3 lilifungwa mwaka 168 KK na kufukuliwa mwaka 1973. Ndani yake kulikuwa na maandishi ya tiba kwenye hariri. Humo mai ni 11. Haziunganiki kuwa duara. Hakuna pointi hata moja yenye jina, wala sindano haitajwi; tiba ni kuchoma majani ya moksa juu ya mshipa wenyewe. Katika mojawapo ya maandishi hayo mishipa yote inaanzia mkononi au mguuni na kuelekea kiwiliwili na kichwani. Unaokosekana ili kufika 12 ni ule wa mkono uitwao jueyin, ambao leo tunauita wa kifuko cha moyo.

Mwaka 1993, Mianyang huko Sichuan, ikapatikana sanamu ndogo ya mbao iliyopakwa laka, ina mistari 10 na haina pointi. Baadaye, kwenye makaburi ya Laoguanshan mjini Chengdu, ikapatikana nyingine yenye mistari pamoja na pointi. Kwa hiyo mstari ulitangulia, pointi zikafuata. Ukisema pointi ni mahali pa neva au bonde la fashia na mstari umechorwa kuziunganisha, umeigeuza historia kichwa chini miguu juu.

Hesabu ya 12 inapatikana katika Huangdi Neijing, kitabu cha kale cha tiba ya Kichina, na humo mishipa 12 inalinganishwa wazi na mito 12 ya nchi. Tuko enzi ya Han, dola inayochimba mifereji. Mwili wenye mito isiyokauka wala kufurika ni picha ya utawala mwema kabla ya kuwa picha ya mwili.

#7 mtande_na_mshindio

@Hariri168 asante sana kwa hilo la hariri. Lakini mto uliokuwa mfano wa mtawala haukuzuia mtu kuushika mkono wa mgonjwa na kusikia ateri inapiga. Mistari ya kwanza iliandikwa na watu walioona na kugusa: mishipa ya damu inayoonekana chini ya ngozi, mapigo kifundoni na kifundo cha mkono, maumivu yanayoshuka nyuma ya paja hadi kisigino. Mwenye kuumwa kiuno akikuonyesha kwa kidole maumivu yanapopita, anakuchorea mshipa wa kibofu kuanzia matakoni hadi kidole kidogo cha mguu. Hakusoma popote.

#8 BahariYaHe

Hariri kagusa jambo linalowatesa wanafunzi kila mwaka, ngoja niliweke wazi.

Kila mshipa una pointi tano chini ya kiwiko au chini ya goti zenye majina ya maji: jing kisima, ying chemchemi, shu kijito, jing nyingine ya mto, na he bahari. Kwa mapafu ni LU11 kwenye ukucha wa dole gumba, kisha LU10, LU9, LU8, na LU5 kwenye kiwiko. Kisima kidogo ncha ya kidole, kinakua hadi bahari kiwikoni. ST36 ya ndugu yangu Ugoko ni bahari ya mshipa wa tumbo.

Sasa tazameni mwelekeo. Kwa hesabu ya maji, qi inatoka kidoleni kwenda kiwikoni kwenye mishipa yote. Kwa hesabu ya duara, ambapo mishipa 12 inapokezana, mshipa wa mapafu unatoka kifuani kwenda dole gumba. Maji yanapanda, mshipa unashuka, na pointi ni zilezile. Nionavyo mimi, maji ni masalia ya mfumo wa Mawangdui ambapo vyote vilielekea ndani, na duara lilikuja kubandikwa juu bila kufuta ya chini.

Si jambo la vitabuni tu. Kuna mbinu ya kujaza, bu, na ya kupunguza, xie, kwa kuelekeza ncha ya sindano: ukifuata mkondo unajaza, ukiukabili unapunguza. Shule nyingi zinafuata mkondo wa duara, kwa hiyo kwenye LU7, juu kidogo ya kifundo cha mkono, ncha ielekee dole gumba kujaza na ielekee kiwiko kupunguza. Anayefuata maji atafanya kinyume kabisa, na wote wawili watasema mgonjwa kapata nafuu.

#9 SaaSaba

Uzi mtamu. Hamjataja saa. Kila mshipa una saa zake mbili za kujaa, na ndiyo sababu anayeamka usiku saa moja hadi saa tatu anatibiwa ini, na saa tatu hadi saa tano mapafu.

#10 Hariri168

@SaaSaba hapana, umesoma saa za kizungu ukazitamka kwa Kiswahili. Ini ni saa saba hadi saa tisa usiku. Mapafu ni saa tisa usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kisha utumbo mpana mpaka saa moja asubuhi, tumbo saa moja hadi saa tatu, wengu mpaka saa tano, moyo saa tano hadi saa saba mchana. Saa moja hadi saa tatu usiku, uliyoitaja, ni kifuko cha moyo. Atakayefuata maneno yako atatibu mshipa mwingine kabisa.

Na kuna la pili. Saa hizo ni za jua la mahali ulipo. China yote leo inatumia saa ya Beijing, hivyo Ürümqi jua la utosi linafika zaidi ya saa mbili baada ya saa sita ya ukutani. Kwetu tofauti ni ndogo ila ipo: Dar es Salaam wastani ni kama dakika 23 baada ya saa sita, Kigoma ni saa nzima. Ukitaka kutibu kwa saa, anza kwa kurekebisha saa.

#11 SaaSaba

Nimekosea, ni kweli. Asante mkuu kwa masahihisho.

#12 Neva_C7

Na kabla saa haijarekebishwa, fanyeni hesabu hii. Huangdi Neijing inasema mishipa yote ikiunganishwa ina urefu wa chi 162. Pumzi moja inasogeza qi cun 6. Chi moja ni cun 10, kwa hiyo duara moja ni pumzi 270. Kwa siku duara 50, jumla pumzi 13,500.

Gawanyeni: pumzi 13,500 kwa dakika 1,440 ni kama pumzi tisa na kitu kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia anavuta 12 hadi 20. Na duara moja linachukua dakika 28.8. Sasa niambieni, qi inazunguka mwili mzima kwa nusu saa, au inakaa saa mbili kwenye kila mshipa na kumaliza kwa siku nzima? Mifumo miwili, kitabu kimoja cha darasani, hakuna anayeuliza.

#13 BahariYaHe

Mkuu, hesabu yako sahihi, ila wanaouliza wapo. Jibu la darasani ni kwamba mwendo na kujaa ni mambo mawili. Maji ya bahari yanatembea muda wote, lakini yana saa za kujaa na saa za kupwa. Mtu wa pwani haoni mgongano hapo.

Na ile dakika 28.8 ina matumizi. Ndiyo sababu inayotolewa na wengi ya kuacha sindano dakika 20 hadi 30: angalau duara moja lipite. Mfumo wa saa ulikamilishwa karne nyingi baadaye, na wagonjwa wengi wanatibiwa bila kuufuata.

#14 Kura_Mbili

Nimewasoma wote. Kila mmoja anaeleza kwa nini sindano inafanya kazi, na hakuna aliyeuliza kama mahali pa kuchoma pana uzito kiasi gani.

Ujerumani walifanya majaribio makubwa ya sindano yaitwayo GERAC. La maumivu ya kiuno lilichapishwa mwaka 2007: wagonjwa 1,162, waligawanywa kwa kura makundi matatu. Kundi la kwanza sindano za Kichina kamili, la pili sindano za juujuu mahali pasipo na pointi, la tatu dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi sita waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6, 44.2 na 27.4. Goti, 2006, hadithi ni hiyohiyo: 53.1, 51.0 na 29.1.

Sindano ya kweli na ya bandia zote ziliishinda tiba ya kawaida kwa mbali, na baina yao hakuna tofauti ya maana. Mtu wa mshipa anieleze, mtu wa fashia anieleze. Ikiwa mstari ndio unaotibu, mbona aliyechomwa nje ya mstari kapona karibu sawa na mwenzake?

#15 Ugoko36

Nitakueleza. Sindano ya juujuu ni sindano. Japani kuna shule nzima zinazochoma milimita moja mbili na zinaiita tiba kamili. Wei qi, kwa maelezo ya mwenye uzi pale #1, inatembea chini ya ngozi; huyo aliyechomwa juujuu hakuachwa bila kuguswa. Mlilinganisha tiba na tiba mkaita moja ya uongo.

Halafu kiuno chenyewe. Pointi za kibofu zimepangwa mistari miwili kila upande wa uti wa mgongo, cun 1.5 na cun 3. Ukichoma pembeni kwa sentimita chache bado uko kwenye misuli ileile na neva za pingili zileile. Mahali pa kupima uzito wa pointi ni mbali na ugonjwa. PC6, pointi ya kifuko cha moyo iliyo juu kidogo ya kifundo cha mkono, kwa kichefuchefu baada ya upasuaji imepimwa mara nyingi dhidi ya ubandia, na imeonyesha tofauti.

#16 Kura_Mbili

PC6 nakubali, ushahidi wake ni mzuri kuliko wa pointi nyingine yoyote. Uchambuzi wa Vickers na wenzake wa mwaka 2018, majaribio 39 na wagonjwa 20,827, nao ulikuta sindano ya kweli inaizidi ya bandia kwa maumivu sugu, ila kwa kiasi kidogo. Ukubwa wa nafuu uko kati ya kuchomwa na kutochomwa.

Lakini ukisema ubandia wote ni tiba, hakuna jaribio litakalokushinda milele. Hiyo si hoja, ni ngao. Streitberger alitengeneza mwaka 1998 sindano butu inayorudi ndani ya mpini wake, ngozi haitobolewi na mgonjwa anadhani kachomwa. Nayo inatoa nafuu. Hiyo wei qi utaieleza vipi hapo?

#17 Chuku_la_Pwani

Salaam. Naona mmesahau kwamba mwambao tunaumika tangu mababu, na hijama ni tiba inayofanyika kila mji. Sehemu ya kwanza ya kuumika ni al-kahil, mgongoni kati ya mabega, chini kidogo ya pingili inayojitokeza shingoni. Wachina wana pointi hapohapo, Dazhui, DU14, chini ya ncha ya C7, pingili ya saba ya shingo. Ili kuipata, mgonjwa ainamishe kichwa, ukikuta vifundo viwili mwambie ageuze shingo: kinachosogea ni C7, kilichotulia ni T1, ya kwanza ya kifua. Mabingwa wawili wasiojuana wamefika sehemu moja. Damu chafu hukusanyika pale, na rangi nyeusi ya alama ndiyo inayoonyesha sumu.

#18 Kolajeni_Plus

Karibu mkuu. Mahali ni kweli, lakini alama nyeusi siyo sumu. Chupa inavuta, vijishipa vidogo vinapasuka, damu inamwagika chini ya ngozi; ni vilio la damu kama la kugongwa. Rangi inategemea ulivuta kwa nguvu kiasi gani na uliiacha muda gani. Chupa kavu dakika tano hadi kumi inatosha. Ukipita kumi na tano unapata malengelenge. Wachina nao husoma rangi, wanasema damu imetuama, hiyo ni lugha ya utambuzi na wala haisemi kitu kimetolewa mwilini.

Na kwa chupa ya kuchanja, wenye sikoseli, wenye upungufu wa damu na wanaotumia dawa za kuyeyusha damu waachwe kabisa. Wembe wa kila mgonjwa utupwe, na chupa za plastiki zisirudiwe kwa mtu mwingine.

#19 Chuku_la_Pwani

La usafi ni faradhi, hapo hatugombani. La sumu nitalirudia.

#20 PakangaMbichi

Hiyo moksa aliyotaja Hariri ni pakanga yetu? Maana pakanga inatibu malaria, basi kuichoma kwenye ST36 itakuwa dawa mbili kwa mpigo.

#21 Hariri168

Ni ukoo mmoja, mmea tofauti. Moksa ni Artemisia argyi, majani yake hukaushwa na kusagwa mpaka yawe kama pamba. Artemisinini ya malaria, iliyompa Tu Youyou Nobeli mwaka 2015, inatoka Artemisia annua. Moshi wa moksa hautibu malaria, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi hata chai ya annua kwa malaria. Nenda ukapime, unywe dawa mseto.

Fimbo ya moksa hushikwa sentimita mbili hadi tatu juu ya ngozi, dakika 10 hadi 15, mpaka ngozi iwe nyekundu. Weka kidole chako kando ya ngozi ya mgonjwa uonje joto pamoja naye, hasa mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni. Huyo hatakwambia kwamba anaungua, kwa sababu hasikii.

#22 Neva_C7

Nirudi kwa @Kura_Mbili. Mwaka 2021 kundi la Ma Qiufu wa Harvard lilitoa katika jarida la Nature kazi ya panya. Umeme mdogo, miliampea 0.5, kwenye ST36 ya mguu wa nyuma ulituliza uvimbe wa mwili mzima kwa njia ya neva ya vagasi na tezi za adrenali. Umeme uleule kwenye ST25 ya tumboni haukufanya hivyo. Wakatafuta sababu, wakazikuta neva zenye alama ya PROKR2, zimejaa kwenye fashia ya kina ya mguu na hazipo kwenye ile ya tumbo. Panya walioondolewa neva hizo, sindano haikuwasaidia. Mahali pana uzito, kina kina uzito, na sababu inaonekana.

#23 Kolajeni_Plus

Fashia ya kina, umesikia mwenyewe ulivyosema.

#24 Hariri168

Na hakuna mstari. Wameeleza ST36 moja. Kati yake na ST44 iliyo kati ya vidole vya mguu hawajaonyesha kinachopita.

#25 Msafara_wa_Cun

Samahani kuingilia, naomba msaada wa vitendo. PC6 kwa mtu asiye na ile kano ya katikati ya mkono unaipataje?

#26 Ugoko36

Swali zuri, maana si wachache wasio nayo. Mwambie aguse kidole kidogo kwa dole gumba kisha akunje kifundo cha mkono. Kano ya palmaris ikiwepo itasimama katikati. Isiposimama, tumia ile nyingine iliyo upande wa dole gumba, ujipime upande wake wa ndani. Kutoka mkunjo wa kifundo hadi mkunjo wa kiwiko ni cun 12, na PC6 iko cun 2 juu ya kifundo. Mkono wa sentimita 24 unakupa PC6 sentimita 4 juu ya kifundo. Ingia nusu cun, taratibu. Neva ya kati imelala hapohapo chini, na bila ile kano hujui uko katikati kwa uhakika. Ganzi ya umeme kwenye vidole vitatu vya kwanza ni amri ya kurudi nyuma.

Na kwa kuwa unajifunza: GB21 ya begani usiende wima zaidi ya nusu cun. Bana msuli kwa vidole uuinue, uchome ndani ya ulichoshika. Ncha ya pafu iko chini yake. Mtu mwembamba anaweza kutoka salama chumbani, kisha saa kadhaa baadaye akaanza kubanwa kifua na kukohoa, na hapo ni kumkimbiza hospitali apigwe eksirei.

#27 Msafara_wa_Cun

Nimeelewa, shukrani.

#28 mtande_na_mshindio

Nimefuatilia hadi hapa. Mshipa nitaendelea kuutumia kwa mai, na sababu ni hiihii mliyoionyesha: Neva kasema neva, Kolajeni kasema fashia, mimi nilianza na ateri, na neno letu linawabeba wote bila kumfukuza yeyote. Qi nitaiacha qi. Pumzi haitoshi, maana inatokana pia na chakula; nishati inadanganya; nguvu ya uhai ni maelezo, siyo jina.

#29 BahariYaHe

Kwa mshipa niko nawe. Ila hujajibu la LU7: wewe unayesema mshipa, ncha ya sindano unaielekeza dole gumba au kiwiko?

#30 mtande_na_mshindio

Dole gumba, nikitaka kujaza. Mapigo ya LU9 ukiyashika kwa kidole yanakwenda huko.

#31 Hariri168

Mapigo yanakwenda huko. Vena iliyo kando yake inarudi kiwikoni. Mawangdui walikuwa wanatazama ipi?